Mbwa wa Simba au Mbwa Asiyebweka?

Mzee mmoja wa Kinjumbi alinisimamisha njiani. Ulikuwa mwezi wa nne na mahindi yalikuwa yanaanza kubeba. Mimi nilikuwa natoka kukagua mashamba ya ufuta. Yeye alikuwa anatoka shambani kwake. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha.

Nilimwamkia. Aliitikia, kisha akatoa simu mfukoni.

"Bwana Shamba," alisema, "wewe umesomea mambo haya. Mwanangu yuko Dar es Salaam. Ameniletea picha za mbwa wawili kwenye simu. Anasema nichague mmoja, yeye ataninunulia. Nimchukue yupi?"

Nilitazama picha hizo. Mbwa wa kwanza alikuwa mkubwa, mwekundu kama chungu kipya. Mgongoni alikuwa na mstari wa manyoya yaliyosimama. Chini ya picha iliandikwa: "Mbwa wa simba." Mbwa wa pili alikuwa mdogo. Masikio yake yalisimama, na mkia wake ulijikunja juu ya mgongo kama nyumba ya konokono. Chini yake iliandikwa: "Mbwa asiyebweka."

"Mzee, unamtaka mbwa kwa kazi gani?" niliuliza.

"Kazi gani tena? Nguruwe wananimaliza."

Ndugu msomaji, vijana wetu walioko mijini huona picha nyingi siku hizi. Wanataka kuwasaidia wazazi wao, na nia yao ni njema. Lakini mbwa si redio. Mbwa anakula, anaugua, na anauma. Huwezi kumzima na kumweka juu ya kabati. Kwa hiyo nimeandika hapa yale niliyomweleza mzee yule, na mengine niliyoyakumbuka baadaye. Cheti changu ni cha kilimo. Mambo ya dawa na magonjwa nilimwuliza Bwana Mifugo kabla ya kuandika.

MBWA WA SIMBA

Mbwa wa kwanza huitwa Ridgeback. Jina hilo limetokana na ule mstari wa mgongoni. Manyoya ya mstari huo huota kuelekea kichwani. Manyoya mengine yote huelekea mkiani.

Asili yake ni kusini mwa Afrika. Wakhoikhoi, ambao walikuwa wafugaji huko, walikuwa na mbwa wenye mstari huo tangu zamani. Walowezi wa Kizungu walipofika walichanganya mbwa wao na mbwa hao. Katika miaka ya 1870 mbwa wa namna hiyo walipelekwa katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Huko mwindaji mmoja, Cornelius van Rooyen, aliwazalisha na kuwatumia kuwinda wanyama wakubwa. Mwaka 1922 wenye mbwa hao walikutana katika mji wa Bulawayo. Wakaandika sifa ambazo mbwa wa aina hiyo anapaswa kuwa nazo.

Dume ana kimo cha sentimita 63 hadi 69 begani. Uzito wake ni kilo 36 hadi 40. Manyoya yake ni mafupi, kwa hiyo joto halimsumbui sana. Huwapenda watu wa nyumbani kwake, na hawazoei wageni upesi. Habweki ovyo. Lakini ni mkaidi. Asipofundishwa akiwa mdogo, atakuwavuta watoto kwa kamba kama ng'ombe wa plau. Naye huchukua kama miaka 2 kukomaa akili.

Hapa nilimwomba mzee anisikilize vizuri. Hilo jina la "mbwa wa simba" linadanganya watu. Mbwa hawa hawakuwa wakipigana na simba na kumshinda. Simba dume ana kilo 170 na zaidi. Kazi ya mbwa ilikuwa kumfuata simba, kumzunguka na kumbwekea kwa mbali, ili asiondoke mpaka mwindaji afike na bunduki. Mbwa aliyesogea karibu aliuawa. Pasipo mtu mwenye bunduki nyuma yao, mbwa hao ni nyama tu mbele ya simba.

Kwa nini natilia mkazo jambo hili? Sisi watu wa pwani ya kusini tunamjua simba. Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 560 katika Tanzania. Mkoa wetu wa Lindi na jirani zetu wa Rufiji waliumia sana. Wataalamu waliochunguza vifo hivyo waliona mambo mawili. Watu wengi walishambuliwa wakati wa mavuno. Tena walishambuliwa mahali penye nguruwe mwitu wengi.

Sababu yake inaeleweka. Nguruwe hufuata mahindi na mihogo. Mkulima hulala shambani ili kuamia nguruwe. Simba naye humfuata nguruwe, hasa mahali ambapo swala na wanyama wengine wamekwisha. Anafika usiku akimtafuta nguruwe, anamkuta mtu ndani ya kibanda cha makuti.

Sasa fikiri. Mkulima ana mbwa aitwaye mbwa wa simba. Moyo wake unatulia. Haoni tena haja ya kupanda dunguni. Analala chini karibu na moto, kwa kuwa mbwa yupo. Mtu huyo ataponzwa na jina.

Nilipomweleza mzee hayo alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Miaka ile ya simba tulikuwa tunalala dunguni watu wanne. Tukishapanda tumepanda. Hakuna aliyeshuka mpaka jua litoke, hata akibanwa na haja."

Hivyo ndivyo inavyofaa mpaka leo. Dungu liwe refu na nguzo zake ziwe imara. Ngazi ivutwe juu. Mtu asilale peke yake. Mbwa yeyote utakayemchagua, wa elfu kumi au wa milioni, habadilishi mambo hayo. Na ukiona nyayo za simba, usimpeleke mbwa wako kumfuata. Mpe habari mwenyekiti wa kijiji na afisa wanyamapori siku hiyo hiyo.

MBWA ASIYEBWEKA

Mbwa wa pili huitwa Basenji. Anatoka Kongo. Litamke jina hilo polepole: Ba-se-nji. Je, halifanani na neno letu "washenzi"? Ni neno lile lile. Wazungu waliwasikia watu huko wakisema kwamba hawa ni mbwa wa washenzi, yaani mbwa wa watu wa porini, nao wakalichukua likawa jina. Sisi huku mbwa wetu tunawaita mbwa koko na mbwa shenzi, na tunawapiga mawe. Kule Ulaya mbwa shenzi wa Kongo huuzwa kwa fedha nyingi na hulala juu ya zulia. Dunia ina vituko.

Basenji wa kwanza walipelekwa Uingereza mwaka 1895, wakafa kwa ugonjwa wa mbwa muda mfupi baadaye. Wengine walifika miaka ya 1930. Mwaka 1937 walionyeshwa London katika maonyesho ya mbwa ya Crufts, na watu wengi walikwenda kuwatazama.

Basenji ni mdogo. Dume ana kimo cha sentimita 43 na uzito wa kilo 11 hivi. Ni msafi, hujilamba kama paka. Jike huzaa mara moja tu kwa mwaka, wakati majike ya mbwa wengi huweza kuzaa mara mbili. Kusema kweli yeye si bubu. Hulia kwa sauti ya ajabu, kama mtu anayeimba huku akibadilisha koo. Ila hana ule mbweko wa mfululizo tunaoujua.

Katika msitu wa Ituri, mashariki ya Kongo, Wambuti huwinda kwa nyavu. Nyavu hutandazwa, kisha mbwa huingia kichakani kuwafukuza wanyama. Kwa kuwa hawabweki, hufungwa kengele ya mti shingoni ili watu wajue walipo. Jambo hilo lilimfurahisha sana mzee. Babu zake nao waliwinda nguruwe kwa nyavu na mbwa. Serikali ya Wajerumani ilipoleta sheria zake za uwindaji, kabla ya Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905, uwindaji wa namna hiyo ulibanwa, na nguruwe wakazidi mashambani. Siku hizi pia huwezi kuwinda bila kibali. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza. Kwa hiyo usimnunue Basenji kwa kutamani mambo ya babu.

Na kwa kulinda shamba, Basenji anafaa nini? Saa 8 za usiku nguruwe wanaingia kwenye mahindi. Mbwa anawaona. Anawafukuza kimya kimya mpaka porini. Wewe unaendelea kukoroma. Asubuhi mahindi hayapo, na mbwa naye hayupo. Maana mbwa huyu ni mtoro mashuhuri. Akiona kitu kinakimbia, masikio yake huziba. Kitu hicho kikiwa kuku wa jirani, utalipa wewe.

MAGUNIA MAWILI

Niliokota kijiti, tukafanya hesabu mchangani. Mbwa wa kilo 40 anahitaji zaidi ya nusu kilo ya unga kila siku, na bado apate dagaa au nyama. Nusu kilo kwa siku 365 ni kilo 182. Hayo ni karibu magunia mawili ya unga kwa mwaka.

Mzee aliitazama hesabu hiyo muda mrefu. "Nguruwe mwenyewe hali hivyo," alisema. Nguruwe anakula zaidi, lakini sikubishana naye.

Mbwa wetu wa kijijini ana kilo 15 hivi. Yeye hutosheka na robo kilo ya unga na vichwa vya samaki, na mara nyingi hula makombo. Basenji anakula kidogo zaidi ya hapo au chini yake. Lakini mbwa aliyezoea chakula cha dukani huko mjini hataki kuona ugali wa muhogo.

MBUNG'O HAULIZI BEI

Sasa nieleze kosa langu mwenyewe. Mwaka 2009, nikiwa kijana kazini, nilinunua mjini mtoto wa mbwa wa Kijerumani, wale wanaotumiwa na polisi. Nilimleta huku kwa basi. Alikuwa mzuri. Watoto walikuja kumtazama kila jioni. Nilitembea naye mpaka kwenye mapori, naye akaumwa na mbung'o. Mbung'o ndio hao wengine huwaita ndorobo. Baada ya muda alianza kukonda. Homa ikaja, ikaondoka, ikarudi. Kisha macho yake yakawa meupe kama maziwa. Nikadhani ni vumbi, nikamwosha macho kwa maji ya chumvi. Nilipofika kwa Bwana Mifugo mbwa alikuwa haoni tena. Alikufa wiki ile ile.

Ugonjwa huo ni ule ule unaoua ng'ombe katika nchi ya mbung'o, yaani nagana. Mbwa mgeni huupata vibaya sana. Kupe nao humletea mbwa homa ya damu. Mbwa waliozaliwa huku kwa vizazi vingi wanaugua pia, lakini wengi wao huhimili zaidi, kwa kuwa wale dhaifu walikwisha kufa zamani.

Mbwa wa kuchaguliwa wana na magonjwa yao ya ukoo. Ridgeback wengine huzaliwa na tundu jembamba katika ngozi ya mgongo, na tundu hilo hutunga usaha. Basenji wengine hupata ugonjwa wa figo wa kurithi. Katika miaka ya mwisho ya 1980 wafugaji wa Basenji kutoka Marekani walifunga safari mpaka Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire. Walikwenda vijijini kutafuta mbwa wa wanakijiji, ili wachanganye damu na mbwa wao waliokuwa wanaugua. Wenye mbwa wa zulia walirudi kuomba mbegu kwa wenye mbwa koko!

SWALI LA DINI

Mzee aliuliza jambo jingine, na nadhani wasomaji wengi wa Kilwa wamelingoja. Je, mbwa anafaa katika nyumba ya Mwislamu?

Mimi si sheikh. Nilimshauri amwulize sheikh wake, naye alifanya hivyo. Jibu alilopata ni lile wanalofundisha masheikh wetu wengi wa pwani. Mbwa wa kulinda shamba, wa kulinda mifugo na wa kuwinda anaruhusiwa. Mbwa wa pambo tu hafai. Mate yake ni najisi. Chombo alichokilamba huoshwa mara 7, na mojawapo ni kwa udongo.

Basi mbwa awe na chombo chake na kibanda chake nje. Na jambo hili linahusu uchaguzi wetu. Ridgeback na Basenji wa mjini hulelewa ndani ya nyumba pamoja na watu. Ukimleta mbwa wa namna hiyo mahali asiporuhusiwa kuvuka kizingiti, atalia mlangoni usiku kucha. Mbwa wa kijijini hajui kuingia ndani. Amezaliwa nje, na nje ndiko kwake.

MBWA ALIYE KARIBU

Kwa hiyo nilimwambia mzee aachane na mbwa wote wawili. Achukue mbwa wawili wa kijijini. Kazi anayoitaka ni kuamshwa nguruwe wanapoingia, na ngedere wanapokuja alfajiri. Kazi hiyo ni ya mdomo, si ya meno. Nguruwe dume akizungukwa huweza kumpasua tumbo mbwa wa kilo 40 sawasawa na wa kilo 15. Mbwa abweke, mtu aamke, apige debe na kuwasha tochi. Mbwa wawili ni bora kuliko mmoja, kwa sababu mmoja akibweka mwenzake huitikia, na hakuna anayelala kazini. Usiku wakae karibu na dungu. Chui humpenda sana mbwa aliye peke yake mbali na watu.

Unapochagua mtoto wa mbwa, kwanza mtazame mama yake. Nenda usiku. Je, anabweka mtu akipita, au amelala? Je, anafukuza kuku wa nyumbani? Mtoto hujifunza kwa mama. Usimchukue kabla hajatimiza wiki 8. Chagua mwenye macho makavu na manyoya yanayong'aa. Tumbo lililovimba kama ngoma wakati miguu ni myembamba ni dalili ya minyoo. Piga makofi nyuma yake. Anayeshtuka kisha akaja kuona ni nini, huyo anafaa. Anayejificha asitoke tena, mwache. Anayekuja kuuma, mwache pia, hasa kama una wajukuu.

Mzoeshe kuku na mbuzi angali mdogo. Mchana mfunge kivulini, apate maji. Mbwa anayezurura mchana hulala usiku.

CHANJO

Jambo moja sitaki lipite haraka. Mbwa wa bei kubwa na mbwa wa bure wote hupata kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa mtu, hauna dawa. Mtu hufa.

Kuanzia mwaka 2010 ilifanyika kazi kubwa ya kuchanja mbwa katika wilaya za kusini mashariki mwa nchi yetu, pamoja na mkoa wa Lindi. Ilisaidia sana. Lakini watoto wa mbwa huzaliwa kila mwaka, nao hawana chanjo. Wataalamu wanasema tukichanja mbwa 7 kati ya kila 10, ugonjwa hauwezi kuenea. Mchanje mbwa wako akifika miezi 3, kisha kila mwaka. Tunza cheti chake mahali pamoja na kadi za kliniki za watoto.

Mtu akiumwa na mbwa, kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Tumia saa ukiwa nayo, maana dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani. Usiweke tumbaku wala mavi ya ng'ombe. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo, na umalize sindano zote. Usingoje uone kama mbwa atakufa.

Mzee alimpigia simu mwanawe nikiwa hapo hapo. Alimwambia ile fedha ya mbwa ailete, itatumika kwa chanjo, mnyororo, tochi na mbao za dungu. Kijana alisikitika kidogo, lakini alikubali.

Nilipita tena Kinjumbi mwezi wa sita. Mahindi yalikuwa yamekauka, na sehemu kubwa ilikuwa bado imesimama. Mbwa wawili walitoka chini ya mkorosho kunipokea kwa kelele. Niliuliza majina yao. Mmoja anaitwa Bulawayo. Mwingine anaitwa Kongo, na huyo Kongo, mke wa mzee aliniambia, hubweka mpaka majirani wamelalamika.